Damu na kudumu: nilichojifunza kwa wafokaji wa Palestina

Leo naanza kwa kuungama.

Kama mjuavyo, mimi ni mwandishi wa magazeti. Siku ambazo sijatumwa mahakamani au kwenye semina za waheshimiwa, nawekwa dawati la habari za kimataifa. Jina ni kubwa kuliko kazi yenyewe. Habari zinaingia kwa Kiingereza kutoka mashirika ya nje, unazitafsiri, unazikatakata zienee pembeni mwa tangazo la mkopo wa pikipiki, mhariri anapitisha, mnakwenda kula chipsi mayai.

Siku moja iliingia habari kutoka Ukingo wa Magharibi. Vijana watatu wa Kipalestina wameuawa na wanajeshi wa Israel. Jeshi linasema walikuwa na silaha, familia zao zinakana. Nafasi niliyopewa ilikuwa finyu. Nikiandika "Vijana watatu wauawa", msomaji atadhani ni Manzese. Nikiandika maelezo yote, kichwa cha habari hakienei. Nikatafuta neno moja la kumpeleka msomaji Mashariki ya Kati bila nauli, nikaandika: "Magaidi watatu wauawa". Likaenea. Mhariri akapitisha. Gazeti likauzwa, keshokutwa yake likafungia vitumbua. Hakuna hata mtu mmoja aliyepiga simu kulalamika.

Neno lile halikuwamo kwenye habari niliyopokea. Nililiongeza mimi. Sikuwa na chuki na mtu, nilikuwa na haraka tu. Na ninachotaka kusema leo kinaanzia hapo hapo: watu wengi duniani hawaonewi na wenye chuki peke yao, wanaonewa pia na sisi wenye haraka.

Sasa mtaniuliza, hayo na muziki wa kufokafoka vinahusiana wapi? Subirini.

Nikiwa chuoni, nakaa hosteli za Mabibo, kuna mshikaji alikuja na filamu kwenye flashi. Filamu inaitwa Slingshot Hip Hop, yaani hip-hop ya manati. Imetengenezwa na mwanamama Jackie Reem Salloum na ilitoka mwaka 2008. Inawahusu vijana wa Kipalestina wanaochana mistari. Tulikuwa sita kwenye chumba cha watu wanne, tunaangalia kwenye kompyuta moja ya mkononi yenye spika inayokoroma. Nilitegemea kuona mabomu na kilio. Nikaona vijana wamevaa kapelo na suruali pana, wanabishana kuhusu vina, wanataniana, wanaogopa kupanda jukwaani. Nikasema, hee, mbona hawa ni sisi!

Kundi kubwa kwenye filamu ile ni DAM: Tamer Nafar, mdogo wake Suhell, na rafiki yao Mahmood Jreri. Walianza mwishoni mwa miaka ya 1990. Tulikuwa na mwenzetu mmoja kutoka Unguja, mtoto wa chuo cha Kurani, ndiye aliyetufungulia jina hilo. Kwa Kiebrania neno "dam" ni damu. Kwa Kiarabu kuna "dam" hiyo hiyo ya damu, na ukiivuta kidogo ile "a" unapata neno la kuendelea kuwapo. "Nyie Wabara," akatucheka, "yote mawili mnayo mdomoni kila siku. Damu na kudumu. Mmeyaazima kwa hao hao Waarabu." Tukanyamaza. Kumbe jina la kundi lile Mswahili hahitaji kutafsiriwa, anahitaji kukumbushwa tu.

Vijana hao wanatoka mji wa Lydd, ambao kwa Kiebrania unaitwa Lod, kusini-mashariki mwa Tel Aviv. Uwanja mkubwa wa ndege wa Israel upo jirani kabisa na mji huo, kwa hiyo mahujaji wetu na wafanyabiashara wanaoshukia pale wanapita mlangoni kwa kina Tamer bila kujua. Mwezi Julai 1948, wakati wa vita vilivyozaa taifa la Israel, wakazi wa Kipalestina wa Lydd na mji jirani wa Ramle walifukuzwa. Wanahistoria wanataja watu kati ya 50,000 na 70,000. Waliobaki walikuwa wachache, na baada ya muda wao na watoto wao wakawa raia wa Israel. Leo Wapalestina wenye uraia wa Israel ni takriban mtu mmoja kati ya kila watano nchini humo.

Hebu jiwekeni kwenye viatu vya kijana huyo. Hati ya kusafiria anayo, ni ya Israel. Lugha ya ofisini ni Kiebrania, ya nyumbani ni Kiarabu. Serikali inamwita "Mwarabu wa Israel", jina ambalo halina neno Palestina ndani yake. Akivuka kwenda nchi nyingine za Kiarabu, wapo wanaomtazama kwa wasiwasi kwa sababu ya ile hati. Nyumbani ni mgeni, ugenini ni mshukiwa. Mtu wa namna hiyo swali lake la kwanza si "nani ananionea?" Swali lake la kwanza ni "mimi ni nani?"

Na hapo ndipo wengi wetu tunapoukosea muziki huu. Tunausikiliza kama tunavyosikiliza hotuba za maandamano, tunasubiri ngumi hewani. Ngumi zipo. Lakini kabla ya kupinga, muziki huu unajitambulisha. Unataja mtaa, unataja reli inayokatiza katikati ya nyumba, unataja wauza unga kwenye kona, unataja tingatinga la halmashauri linalokuja kubomoa nyumba iliyonyimwa kibali. Tamer alianza mwaka 1998 kwa kufoka kwa Kiingereza dhidi ya dawa za kulevya mtaani kwao. Mwalimu wake wa Kiingereza alikuwa Tupac, kwa maana alisikiliza mistari yake huku akisaka maana ya maneno. Aliona mitaa ya Wamarekani weusi kwenye video akaifananisha na ya kwao Lydd. Hakuwahi kufika kule, ila aliitambua.

Kisha ikaja Oktoba 2000. Intifada ya pili ilikuwa imelipuka mwishoni mwa Septemba, na ndani ya Israel kwenyewe Waarabu raia wa nchi hiyo waliandamana. Polisi waliua watu 13, kati yao 12 raia wa Israel na mmoja kutoka Gaza. Vijana wa DAM waliona kwamba uraia wao haukuzuia risasi. Mwaka 2001 wakatoa wimbo uitwao Min Irhabi, kwa Kiswahili "Nani Gaidi?", wakauachia bure kwenye intaneti. Unatajwa kupakuliwa zaidi ya mara milioni 1. Kumbukeni hiyo ni 2001, YouTube haijazaliwa, watu wanasubiri wimbo mmoja ushuke kama wanaosubiri maji ya bomba.

Mimi wimbo huo ulinikuta kwenye daladala, jioni ya siku ile ile niliyoandika kichwa cha habari nilichowasimulia. Simu ilikuwa inachagua nyimbo zenyewe. Kiarabu sijui, lakini jina la wimbo nalijua. Abiria wenzangu wanasinzia, konda anadai nauli, na mimi nimekaa pale masikioni naulizwa swali ambalo asubuhi yake nilikuwa nimelijibu kwa wino, kwa nakala zote za gazeti, bila kumuuliza mtu yeyote. Jamani, nilitamani kushuka kabla ya kituo.

Nataka mwelewe vizuri. Sisemi hakuna magaidi duniani. Nasema kuna tofauti kati ya neno linalotokana na ushahidi na neno linalotokana na ufinyu wa safu ya gazeti. Wimbo ule haukuandikwa kwa ajili ya Waisraeli peke yao. Uliandikwa pia kwa ajili ya mwandishi kijana wa Dar es Salaam anayewahi chipsi mayai.

Wazee wao walishayasema haya kwa ushairi. Mahmoud Darwish mwaka 1964 aliandika shairi lake mashuhuri, Kitambulisho, ambamo mtu anamwambia ofisa anayeandikisha watu yeye ni nani. Miaka 52 baadaye, Septemba 2016, Tamer Nafar alipanda jukwaani kwenye tuzo za filamu za Israel pamoja na msanii wa Kiyahudi, Yossi Tzabari, wakalisoma shairi lile. Waziri wa Utamaduni wa wakati huo, Miri Regev, akanyanyuka akatoka ukumbini. Yaani Mwarabu anajitambulisha tu, anasema mimi ni nani, na waziri mzima hawezi kukaa kitini. Shairi lenye nguvu ya namna hiyo baada ya nusu karne msilidharau.

Sasa nijibu hoja mbili ambazo kila nikileta mada hii kijiweni hazikosekani.

Ya kwanza ni kwamba hip-hop ni ya Wamarekani, hao hao wanaoipa Israel silaha. Iweje mtu atafute sauti yake kwenye kabati la rafiki wa adui yake? Mimi nasema hip-hop haikuzaliwa Ikulu ya Marekani, ilizaliwa Bronx, mtaa ambao serikali yenyewe ilikuwa imeutupa. Isitoshe, Waarabu wa Palestina wana utamaduni wa siku nyingi wa zajal, washairi wanaojibizana kwa mistari ya papo kwa papo harusini, watu wanapiga makofi. Sisi watu wa malumbano ya mashairi tunapaswa kuwa wa kwanza kulielewa hilo. Mdundo ndio uliokuja na meli. Kujibizana kulikuwepo.

Ya pili ni ya dini, na hii ndiyo inayonitia simanzi. Hapa kwetu mtu akisikia Palestina anauliza kwanza wewe unasali wapi, kisha anakupangia timu, kama Simba na Yanga. Basi naomba niwatambulishe kwa Shadia Mansour. Amezaliwa London kwa wazazi wa Kipalestina wenye asili ya Haifa na Nazareth, na familia yao ni ya Kikristo. Anapanda jukwaani na gauni la asili lililotariziwa, anachana kwa Kiarabu. Mwaka 2010 alitoa wimbo kuhusu kufiya, kile kitambaa cha madoadoa meusi na meupe, akiwa na M-1 wa kundi la dead prez la Marekani. Alikasirishwa na kuona kitambaa hicho kimetengenezwa upya kwa rangi na nyota za bendera ya Israel. Mimi nilikuwa nacho kimoja, nilikinunua mitumba ya Karume kwa sababu kilienda vizuri na raba zangu. Nilikivaa miaka miwili bila kujua kwamba shingoni nimening'iniza kitambulisho cha mtu.

Lakini wadau, kilichonifanya niwaheshimu kabisa watu hawa si nyimbo za kuwapinga Waisraeli. Kumpinga mtu wa nje ni rahisi, nyumbani wanakupigia makofi. Ugumu unaanza unapogeuza kipaza sauti kuelekea sebuleni kwenu.

Ndani ya ile filamu yumo binti anaitwa Abeer Alzinaty, naye wa Lydd. Ana sauti, ana mistari. Waliomzuia kupanda jukwaani hawakuwa polisi, walikuwa jamaa wa ukoo, kwa sababu binti hapandi jukwaani. Wapo pia mabinti wa Arapeyat kutoka Akka, waliokuwa wanapigana kote kuwili, na dola kwa upande mmoja, na minong'ono ya mtaani kwa upande mwingine.

Mwaka 2012 DAM walitoa wimbo kuhusu mauaji ya wanawake yanayofanywa na ndugu zao kwa kisingizio cha heshima ya familia. Mwimbaji Amal Murkus anaimba kiitikio. Hadithi inasimuliwa kinyumenyume, kutoka kwenye mauaji kurudi hadi kuzaliwa kwa msichana. Wimbo ulizua mjadala mkali. Wasomi wawili, Lila Abu-Lughod na Maya Mikdashi, waliandika kwamba video ile inawaonyesha Wapalestina kama watu wenye utamaduni wa kuua na kuiacha nje siasa ya kukaliwa kimabavu. DAM wakajibu kwamba wanaweza kupigana vita viwili kwa wakati mmoja. Hoja ya wasomi wale ilikuwa na uzito, maana wanaotaka kuwatukana Waarabu huwa wanatafuta nyimbo kama hizo kwa tochi. Hata hivyo mimi nimesimama na DAM. Ukimwambia mwanamke asubiri ukombozi wa taifa ndipo azungumzie kisu kilichopo jikoni kwao, umemwambia anyamaze tu. Na watu wanaoruhusiwa kusema mabaya ya adui peke yake hawana sauti bado, wana tangazo.

Sauti kamili ni ile inayoweza kusema yote: tunaonewa, na sisi pia tunaonea, na leo nina njaa, na yule binti wa jirani ni mzuri. Vijana wa sasa wa Ramallah na Jerusalem wameliendeleza hilo. Mwezi Mei 2021, wakati familia za Sheikh Jarrah zilipokuwa zinatishiwa kutolewa kwenye nyumba zao, Daboor na Shabjdeed wa lebo ya BLTNM walitoa wimbo wao Inn Ann na ukawa wimbo wa vijana wa kipindi kile. Hawajibidiishi kumfafanulia mzungu. Wanazungumza Kiarabu cha mtaani kwao, asiyeelewa atajijua.

Naomba nirudi nyumbani kidogo tu, kwa sababu kuna jambo linanikereketa. Mwaka 2001, mwaka ule ule wa "Nani Gaidi?", hapa kwetu Profesa Jay alitoa albamu ya Machozi, Jasho na Damu, na mle ndani mna "Ndio Mzee", wimbo uliomcheka mwanasiasa mwenye ahadi za uongo. Mimi nilikuwa natambaa, nimeukuta kwenye kanda za kaka yangu. Miaka ile serikali hii hii ilishakuwa na historia yake na Wapalestina: Mwalimu alivunja uhusiano na Israel mwaka 1973 na PLO ikawa na ofisi Dar es Salaam. Uhusiano ukarudishwa mwaka 1995, na mwaka 2018 tukafungua ubalozi Tel Aviv. Serikali hubadilika kwa hesabu zake, sishangai. Ninachojiuliza ni wasanii wetu. Ukifika msimu wa kampeni, wangapi wanaoweza bado kuimba habari ya kijiji chao bila kwanza kuangalia ratiba ya jukwaa la chama? Vijana wa Lydd hawana uhuru kuutuzidi. Wana jambo la kusema tu.

Mtu ataniambia, ndugu mwandishi, nyimbo zimezuia bomu gani? Hazijazuia. Kwenye filamu ile ile kuna kundi la PR, kutoka Gaza, linalotajwa kuwa la kwanza la hip-hop kule. Kati ya Lydd na Jiji la Gaza ni pungufu ya kilomita 100, hata Chalinze hujafika ukitokea Dar. Lakini kwa vizuizi na vibali, kwao kukutana na wenzao wa DAM ilikuwa ndoto. Walikuwa wanajuana kwa simu. Muziki haukufungua mpaka ule.

Oktoba 7, 2023 Hamas walishambulia Israel na watu wapatao 1,200 wakauawa. Miongoni mwao walikuwemo vijana wawili wa Kitanzania waliokwenda kujifunza kilimo, vijana wa rika langu. Katika vita vilivyofuata, kwa hesabu ya Wizara ya Afya ya Gaza, waliouawa kule walipita 60,000 mwezi Julai 2025. Niliitafsiri namba hiyo mimi mwenyewe, siku ikiwa bado 20,000, siku ikafika 40,000, siku ikafika 60,000. Mnajua ilikuwa inachukua nafasi ile ile? Sifuri hazipanuki kwenye gazeti.

Msiba wa wale vijana wetu wawili ulipata picha zao, wazazi wao, shamba walilotaka kulilima wakirudi. Na ilikuwa haki yao kabisa. Tuliwalilia kwa sababu tuliambiwa ni kina nani. Wale wa namba hatukuambiwa. Kazi hiyo ndiyo muziki unaifanya, na ni kazi ambayo bomu haliwezi kuitengua: unakuambia huyu ni nani kabla hajawa namba. Ndiyo maana halisi ya kudumu.

Tangu jioni ile ya daladala nimejiwekea sharti moja dawatini. Silitumii neno ambalo siwezi kulitetea mbele ya mama wa marehemu. Inanichelewesha. Mhariri ananifokea, na siku nyingine vichwa vyangu vya habari vinakatwa na mtu mwingine mwenye mkono mwepesi. Sijawa shujaa wa kitu chochote.

Ila naomba msaada wenu. Siku mkiona kwenye gazeti letu, chini ya jina langu, watu wameitwa jina ambalo hakuna aliyelithibitisha, pigeni simu chumba cha habari. Mara ile hakupiga mtu. Safari hii nataka mtu alalamike.